Hewa Isiyonuka

Sogeeni, wanangu. Asajile, kaa huku penye sikio langu zima, nawe Alinanuswe niinue kidogo, maana kifua hiki hakinipi tena nafasi ya kusema jambo mara mbili.

Migomba ya Mpuguso gawaneni kama mlivyokuwa mkiilima, sina neno. Neno langu liko kwenye kinasa sauti kile juu ya kabati, nilichotembea nacho miaka thelathini nikipeleka redioni habari za wataalamu: chanjo, ugonjwa wa migomba, na lile shimo la kule Kisiba.

Wataalamu waliolipima waliniambia kwamba chini kule imelala hewa nzito, haionekani, hainuki, inaua. Mimi kwa haraka ya kuwahi kipindi nikaandika "hewa chafu". Nani hapa Rungwe asikie hewa chafu asifikirie harufu? Ambilikile, rafiki yangu wa tangu kuchunga ng'ombe, alinicheka njiani: "Jairo, hiyo hewa yako nitaziba pua tu! Kwani nyumbani tukila maharage huwa tunahama?" Nikacheka naye. Siku ya tatu ndama wake akatumbukia shimoni. Ambilikile akasimama ukingoni, akanusa, akawaambia wanawe, "Mbona safi," akashuka. Hakupanda tena.

Watu wakasema amerogwa. Jirani yake mmoja akasingiziwa hata akahama, naye amefia ugenini, na mimi niliyejua nikanyamaza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, kisha nikauficha. Na Prisca, mjane wake, tangu niugue ananiletea maziwa mgando kila Alhamisi, ameyapiga mabonge yote yakaisha, kwa kuwa anajua koo langu limeziba. Namwambia ndaga, asante tu, halafu nashindwa kuendelea hadi kwenye ukweli.

Tangu msiba ule sikusoma habari hewani kabla ya kumsomea muuza ndizi mmoja sokoni na kumwambia, "Sasa nisimulie wewe, mama." Alipokosea yeye, kosa lilikuwa langu. Siku hizi hakuna wa kazi hiyo. Mnaandika mmekaa, mashine inatafsiri, habari inafika kwenye simu za watu kabla ya mwandishi kufika shimoni. Asajile, sikulaumu, una watoto wa kulisha. Lakini asubuhi hii ulinisomea taarifa yako ya shimo lile, ya kutangazwa kesho, na mashine imeandika nini? Hewa chafu. Neno langu, mwanangu. Limerudi lenyewe.

Nipeni maji... Basi.

Usiitangaze hivyo. Nenda kwa Prisca leo, jua halijazama, umwambie kwanza kwamba mumewe hakurogwa, aliuawa na neno la Jairo. Akilia, mwache alie. Akinitukana, msikilize hadi mwisho. Akikubali, msomee taarifa ukiisha kulirekebisha neno lile, naye akusimulie. Akiielewa yeye, itangaze. Hapo kinasa sauti ni chako. Usipokwenda, nizikeni nacho.

Alinanuswe, kibuyu cha maziwa cha Prisca kioshe, mpe kakako akirudishe... kisirudi kitupu, tia maharage.

Mungu awape ulimi mzito na... na masikio mepesi. Awafunike, ninyi na... wa Ambilikile.

Asajile... bado umekaa?