Historia ya Marehemu Jemadari, Aliyemaliza Vita Vikubwa kwa Siku Moja

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye sote tulimwita Jemadari ingawa jeshini walimkataa kwa sababu ya nyayo bapa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mkunga.

Alianza shule mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, wa kwanza katika historia na wa mwisho katika mbio, na tarehe 2 Januari 1971 aliajiriwa ofisi ya ramani, akatumikia miaka thelathini na tano, akapandishwa cheo mara mbili, mara ya pili akiwa ameshastaafu.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa sisi mabinti wawili, na ni juu ya meza ya chakula ya ndoa hiyo alipoanza kazi ya maisha yake, yaani kutunga kanuni za kupigana upya vita vikubwa vya kale kwa askari wadogo wa bati, dadu na rula. Kanuni za wengine zilitaka asogezwe askari mmoja mmoja, hivyo pigano lililowachukua wapiganaji wenyewe wa kale siku moja lilimchukua yeye wiki tatu, familia ikila huku imepakata sahani, ndipo akaamua kibao kimoja chenye askari sita wa bati kihesabiwe brigedi nzima, yaani maelfu ya watu, akaapa kwamba kabla hajafa atalipigana lile pigano kubwa la mtoni, majeshi yote mawili, asubuhi hadi jioni, na litaisha.

Halikuisha, kwani katika toleo la kwanza la kanuni zake alisahau kuandika wanaokimbia wasimame wapi, wapanda farasi wakavuka ukingo wa meza, wakaendelea sakafuni hadi jikoni, yeye akiwafuata kwa magoti na rula mkononi, mkewe akamwambia, baba watoto, farasi wako akigusa sufuria yangu ni mateka, na hiyo ndiyo kanuni ya kumi na nne hadi leo.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa, na mwanzoni mwa Agosti 2023, akiwa amelazwa, aliomba ruhusa ya siku moja, akajaza kwenye fomu kwamba sababu ni vita, karani akairudisha akidai barua ya wizara husika, hadi daktari wake akaandika ni shughuli ya kifamilia, kwa sharti kwamba naye apewe mizinga.

Jumamosi tarehe 5 mama alilinda mto, Jemadari akashambulia, kufika mchana ubavu wake wa kushoto ulikuwa umesambaratika, daktari akawapiga mizinga watu wa upande wake mwenyewe na kuomba radhi kitaalamu, na alasiri Jemadari, ameshikilia meza kwa mikono miwili, akasukuma askari wake wote wa akiba darajani, sisi tukiwa tumepanda juu ya viti, mama akarusha dadu, na daraja likamezwa na mto pamoja nao. Marehemu alitazama dirishani kabla ya kutazama uwanja, akasema, mama watoto, umenichapa, na bado kuna mwanga.

Alifariki tarehe 11 Agosti, usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima meza ya pili siku ya pigano, na wenzake wa ofisi ya ramani, ambao wametuletea mkono wa pole wenye mihuri mitatu.

Pumzika kwa amani, Jemadari, pigano limeisha, na sisi leo tunakula mezani.