Glasi Iliyonuswa Kwanza

Ndugu waombolezaji, leo tunamzika mtu aliyekunywa kila jioni kwa miaka ishirini na sita, hadharani na kwa raha zake, asilewe hata siku moja. Wenye kofia wavue.

Marehemu, aliyejulikana mtaa mzima kama Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mkunga. Alisoma hadi kidato cha pili, kisha yeye na shule wakaachana bila kulaumiana. Akajifunza kushona makochi, na hakuna sebule iliyomkosea heshima.

Mwaka 1986 alimwoa mama yetu, muuza vitambaa, wakajaliwa watoto watatu. Ukweli usemwe, maana hata yeye aliusema: alikuwa anakunywa pombe kana kwamba viwanda vinafungwa kesho. Novemba 1997 alipeleka kochi kwa mteja, akalikalia kujaribu ulaini wake, usingizi ukampitia. Wenye nyumba wakala chakula cha mchana huku fundi anakoroma juu ya mali yao. Mama alipokwenda kumchukua alimwambia, "Nikinusa pombe tena kwenye glasi yako, mimi na watoto tumeondoka."

Mwingine angehamia kwenye maji. Yeye alisema maji ni ya kuogea. Akaanza kuchemsha tangawizi, iliki, pilipili manga na maganda ya machungwa, akikinga mvuke wake tone kwa tone, hadi akapata kitu cheupe kisicho na pombe, kinachounguza koo kwa adabu. Mara ya kwanza alikitikisa pamoja na soda ndani ya chupa ya chai, akakaza kizibo. Kizibo kilivunja taa. Doa la dari bado lipo, karibuni mlione.

Lakini alipoishika ile kazi, jamani, tulikuwa tunasogeza viti. Barafu ikilia ndani ya glasi, povu juu, chumvi na ndimu ukingoni. Walevi wa miaka mingi walionja, wakafumba macho, wakauliza imetoka kiwanda gani. Na kila jioni, kabla hajagusa, alimpa mama glasi. Mama alinusa, akairudisha: "Haya, baba watoto, kunywa."

Februari mwaka huu wa 2023 ini lake, lililoumia tangu enzi zile, lilianza kushindwa. Alituaga tarehe 19 Novemba. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kochi moja lisilo na miguu, na kaka yake mkubwa, aliyeniomba nisitaje alichofanya wodini. Apumzike salama, na barafu yake isiyeyuke. Samahani, baba mkubwa, nataja.

Daktari alipotuambia hakuna tena cha kumkataza, baba mkubwa aliingiza wodini pombe halisi, jini ya kiwandani, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Akaimimina kwenye glasi, juu ya barafu.

"Kunywa, mdogo wangu. Umeshashinda. Nani atakulaumu?"

Mgonjwa aliipokea kwa mikono miwili na, kwa mazoea, akampa mama. Mama akanusa.

"Ni yenyewe," akasema, akamrudishia. "Mimi siondoki tena. Amua mwenyewe."

Tulibana pumzi. Hata muuguzi aliacha kusukuma kitoroli. Mzee aliitazama ile glasi, akainusa, akaiweka juu ya kabati. Tukasubiri neno la kuchongwa kaburini.

"Haina ndimu," akasema.