Dkt. Gertruda Martini Lukoa na Nyuzi Zinazoshikilia Mwili

Ndugu, majirani na marafiki mliofika Zinga kumsindikiza dada yetu, haya ndiyo maisha yake kama tunavyoyajua sisi wa nyumbani.

Gertruda alizaliwa hapa Zinga tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza wa marehemu Mwalimu Martini Lukoa na mama yetu Sikuzani, mkulima. Sikukuu ikifika na kuku akichinjwa, yeye aliomba miguu. Aliuvuta ule ukano mweupe uliochomoza, vidole vikajikunja kana kwamba kuku yu hai, nasi wadogo zake tukatimua mbio. Baba alipomkanya, alimuuliza ukano ule umeshikizwa na nini kwenye mfupa. Baba alikiri kwamba hajui.

Alisoma Shule ya Msingi Zinga, kisha Kilakala mkoani Morogoro, na Jangwani, Dar es Salaam. Alipata shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1987, na ya uzamivu nchini Uholanzi mwaka 1996. Huko alichunguza jinsi seli zinavyoshikana, na zinavyojishikiza kwenye tishu unganishi, yaani zile nyuzi zinazozuia viungo vyetu visiachane.

Kabla ya safari hiyo alikuwa ameshaolewa. Mwaka 1988 alikwenda chuo cha uvuvi Mbegani kuomba ngozi za papa kwa ajili ya maabara. Mkufunzi kijana, Herman Mgaza, alimjazia ndoo, akamuuliza atazipika kwa nazi au kavu. Juma lililofuata dada alirudi kuomba nyingine ingawa, kama alivyokiri baadaye, za kwanza zilikuwa hazijaisha. Walifunga ndoa Bagamoyo tarehe 9 Septemba 1989, wakajaliwa Vicky na Martini.

Aliporudi kutoka Uholanzi alifundisha chuo kikuu Dar es Salaam hadi alipostaafu. Mwaka 2004 alianza utafiti uliomgusa kuliko yote: kwa nini kizazi hushuka kwa baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, na wengine waliozaa mara nyingi zaidi wasipatwe na hali hiyo. Alihitaji vipande vidogo vya tishu kutoka kwa wanaofanyiwa upasuaji, kwa ridhaa yao. Kwenye mkutano wa kwanza kule Lugoba, akina mama walimsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyekubali kwamba ana tatizo hilo. Mama yetu, aliyekuwa amemsindikiza tu, akasimama kutoka nyuma.

"Mimi ndiye mama yake huyu," alisema. "Kizazi kimenishuka tangu nilipomzaa mdogo wake wa mwisho. Hata yeye ndiyo kwanza anasikia leo."

Huyo wa mwisho ni mimi ninayewasomea.

Dada aliacha maelezo yake. Alikwenda kukaa karibu na mama, akamuuliza mbona hakumwambia.

"Ningeanzia wapi, mwanangu?"

Hapo wengine wakaanza kuzungumza. Mama alifanyiwa upasuaji mwaka huohuo, akapona, na kipande chake kilikuwa cha kwanza kuwekwa kwenye hadubini. Dada alituambia ilimbidi afute macho kwanza ndipo aone. Katika kundi lile, aligundua kwamba nyuzi za baadhi yao zilikuwa dhaifu, na seli hazikujishikiza sawasawa. Alirudi Lugoba kila mwaka kuwaeleza. "Si uzembe wenu, wala si laana," aliwaambia. "Ni nyuzi."

Mwaka 2022 alianza kukohoa. Picha zilionyesha mapafu yanakakamaa, tishu ileile aliyoisoma maisha yake yote ikiota pasipotakiwa. Hakuficha. Aliwaita watoto, akawaeleza anachokijua na asichokijua. Vicky alimuuliza kama anaogopa. "Naogopa. Kaa hapa," alimjibu. Akiwa na mtungi wa oksijeni pembeni, alimsimamia mwanafunzi wake wa mwisho, Sabiha, mpaka akahitimu, huku akimsahihishia hata nukta. Alifariki nyumbani kwake Bagamoyo, asubuhi ya tarehe 2 Juni 2025, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wanne, na mama yetu Sikuzani, ambaye ameomba akae karibu na jeneza. Ameniomba pia niwasomee maneno yake: "Nilikuwa nimeacha kukaa na wenzangu kanisani kwa aibu ya ugonjwa ule. Mtoto huyu ndiye aliyenirudisha."

Mungu ampokee dada yetu, apumzike salama.