Uso Ulioacha Ukuta

Sikilizeni, wanangu. Funga mulango, Apolline, na mukae karibu, kwa sababu sauti yangu haivuki tena hiki kitanda, na mvua hii juu ya mabati inataka kusema mahali pangu. Munajua desturi yetu sisi watu wa Mwenga: muzee akianza kuaga, hakuna anayetoka mpaka baraka itolewe, na anayetoka kabla ya baraka anatoka mikono mitupu kwa maisha yake yote. Hivyo ndivyo mimi Mardochée nilivyomungoja baba yangu, toka asubuhi mpaka kuku wakalala, njaa ikinikata tumbo, na sikuinuka.

Ya mali ni mafupi. Shamba la Mwenga ni la Apolline, binti yangu, kwa sababu ndiye aliyelilima wakati wengine walikuwa wanalisifu. Nyumba hii ya Kadutu na parcelle yake, kiwanja chote, ni ya Philémon, mwanangu wa kwanza, na muke wake Charlène, ambao wamenigeuza kitandani na kuniosha bila kununa. Musigombane. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakishikiana panga kwa ajili ya muti wa avoka ambao haukuzaa hata mara moja.

Inabaki uso, kinyago cha babu yangu. Ule pale mbele ya kitanda changu, kwenye ukuta wa upande wa mulima: mbao ndogo, udongo mweupe mashavuni, ndevu za nyuzi za raffia zilizobaki chache, na macho ambayo hakuna mutu anayeweza kuapa kama yamefunguka ao yamefungwa. Najua munachosema jikoni, kwa sababu muzee anakufa lakini masikio yake bado mazima. Munasema uso huu ndio unanikula. Munasema unatafuna usiku, kra, kra, ndani ya ukuta, na mulango wa chumba hiki unajifungua bila mukono wa mutu. Na najua bidon ya mafuta ya taa iko nyuma ya choo, pasteur wa Charlène aliileta, ili siku mutakayonifunika mimi udongo, huu nao uchomwe. Usilie, Charlène. Sijakukasirikia.

Mujue kwanza kile munachotaka kuchoma. Babu yangu alipopewa uso huu hakupewa dawa, alipewa kazi ya kuangalia. Wazee waliuweka chini, wakauzunguka, kila mutu akasema neno moja juu ya kile alichoona, na aliyerudia neno la mwenzake alitolewa kwenye duara. Kazi hiyo ndiyo niliyoipeleka kwenye shule ya ma-infirmier, miaka yote muliyoniona nikipanda na uso huu ndani ya kitambaa kwapani kila alhamisi, saa ya mwisho, mbele ya vijana waliokuja kusomea sindano na bandeji, na nyuma yao wale wa comptabilité, wa mahesabu, waliokuwa wanatamani kwenda nyumbani. Mukubwa wa shule alinicheka mbele ya watu: "Papa Mardochée, hawa si wachoraji. Sanamu itamuponyesha nani?" Nilimuchukia kwa neno hilo, na chuki hiyo naishusha leo hapa chini, sitaki kuvuka nayo.

Sheria yangu ilikuwa moja: sema unachoona, usiseme unachojua. Wanafunzi wakasema ni shetani, ni kitu cha kale, ni cha kuuzia wazungu. Nikawaambia hayo munayajua, lakini munaona nini? Hapo walianza kuusogelea, na niwaambie ukweli, hata mimi nilikuwa naogopa, kwa sababu uso ukiangaliwa muda murefu unaanza kuonekana unakungoja umalize.

Kati ya vijana hao, Josué wa Mudaka alikuwa mubishi kuliko wote. "Papa, miye nasomea kutibu watu, hii itanisaidia nini?" Mwaka uliofuata, kwenye hospitali ya mashambani, walileta mutoto mwenye homa, kila mutu akasoma karatasi yake na kuandika malaria, na Josué akasimama kwenye miguu ya kitanda akiangalia tu, mpaka wakamusukuma atoke njiani, naye akasema: kifua kinapanda upande wa kuume peke yake. Wakakuta maji kifuani upande wa kushoto, wakayatoa, na mutoto yule leo anacheza mupira. Josué hajachora hata yai katika maisha yake, na hakuna aliyemuomba achore. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi nimefundisha mpaka nikaona kwamba hivyo viwili hufa pamoja.

Kwa hiyo wosia wangu juu ya uso ni huu: usichomwe, usiuzwe, urudi alhamisi kwenye ile shule, na mumoja wenu aubebe. Nilikuwa nimemufikiria Philémon, kwa sababu ndiye mukubwa, na...

Ngojeni.

Charlène, rudia. Umesema nini chini chini? Hapana, Philémon, usimunyamazishe muke wako. Anasema kidevu kimetoka ukutani. Anasema Jumapili, siku ya misa, kilikuwa kinagusa ukuta, leo asubuhi kidole kingepita nyuma yake, na toka tukae hapa kimezidi kutoka. Nawe unasema ni woga wa wanawake. Mwanangu, mimi nimelala mbele ya uso huu toka Pasaka, na nilikiona kidevu kile kikitoka, nikadhani ni kifo changu kinainama kunipokea.

Inuka, Philémon. Weka mukono wako kati ya kidevu na ukuta. Usiogope, ni mbao. Ngumi inaingia? Yote?

Basi uso haukusogea. Kitu kinachoning'inia kwenye musumari kinafuata uzito wake, kinakaa wima, hivyo hivyo waashi wanavyopima kwa kamba na jiwe. Ni ukuta ndio unatuinamia. Ni mulima unasukuma. Ile kra, kra ya usiku ni matofali, na mulango unajifungua kwa sababu miimo yake imepinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulisema, tukauziba ufa wa ukuta huu kwa chokaa, tukalala. Na sasa kikulacho ki nguoni mwako: damu yangu yote iko ndani ya chumba kimoja, mulango umefungwa, inangoja baraka yangu.

Sikieni, sina pumzi ya kurudia. Baraka naitoa sasa, wazee wa kwetu watanisamehe. Mungu awape macho yasiyokopa, mikono isiyoachana, na watoto watakaowazika nyinyi. Imetoka. Mumeipokea. Hakuna tena anayefungwa na maneno yangu.

Apolline, toa watoto. Wapite upande wa barabara, wasipite kwa choo, upande wa mulima. Sahani ziacheni. Ziacheni, nimesema! Philémon, nyumba niliyokupa nimekunyang'anya. Usilale hapa, usijenge hapa, usimuuzie mutu hapa. Na kilio changu kisifanyiwe hapa, watu wasije kukaa chini ya mulima huu kwa heshima yangu. Mutanililia parokiani.

Charlène, toa uso kwenye musumari. Wewe. Ushike kwa mikono miwili. Jina la kitu, shetani, ulikopeshwa na pasteur, lakini macho yalikuwa yako, na kati yetu wote ni wewe peke yako uliyesema ulichoona. Unahesabu mifuko ya simenti kwenye dépôt, hukusomea sanaa. Ni vizuri, hata wanafunzi wale hawakusomea. Utaubeba alhamisi. Ukiogopa, waambie wanafunzi kwamba unaogopa, halafu waulize wanaona nini. Ufunge ndani ya kitenge chako. Ndiyo. Hivyo.

Mimi muniache, mimi ni... Haya. Haya, basi. Shikeni godoro pembe zote. Polepole kwenye ngazi, kuna matope.

Mvua ni baridi. Nzuri. Usinifunike uso, Apolline, bado sijafika.

Tuko wote? Philémon, gusa vichwa, usihesabu kwa mudomo. Wote... Basi yule anayesimama dirishani ni nani? Hapana. Rudi! Philémon, rudi hapa. Si mutu wa kuokolewa, yule. Namujua. Ananingoja mimi.

Munishushe chini... hapa, kwenye majani. Charlène, wapi mukono wako... Nawaachia... nilishasema, baraka ilitoka. Geukeni sasa. Musiniangalie mimi. Muangalie nyumba... mutu asiseme kitu... muangalie tu, mpaka ukuta uanguke...

Sasa.