Miezi Minne ya Mama Kindness

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu na majirani mliopanda hadi hapa na mvua hii, mimi ni Efraimu, mdogo wa marehemu, na karatasi ninayoisoma aliiandikisha mwenyewe akiwa kitandani, sisi tukaongeza tu ya siku za mwisho. Jana kikao cha familia kilivutana juu ya aya moja, baadhi wakitaka iondolewe kwa heshima yake, lakini shemeji Filemon, mume wake, alisema maneno ya mkewe hayakatwi, kwa hiyo nitaisoma yote.

Marehemu Elinipendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Sanya Juu, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu wazazi wetu, Eliona na Beatha. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1969 hadi 1975, baadaye akasomea mifugo na maziwa, na mwaka 1981 akaajiriwa kwenye kituo cha kina mama cha kukusanyia maziwa hapa Old Moshi, ambako kwa miaka thelathini na minane alisimama kila alfajiri na kipimo chake mkononi, wala hakuna aliyewahi kumpitishia maziwa yenye maji, nami nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kujaribu. Kwake, kipimo kikisema kimesema.

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na Filemon, wakajaliwa watoto watatu, Kindness, Godlove na Given, na wajukuu saba.

Alipostaafu mwaka 2019, akiwa mwenyekiti wa kina mama usharikani, alianza kuwapeleka wenzake mjini kila baada ya miaka miwili kupigwa picha ya matiti, hata wasiosikia maumivu wala uvimbe, na mara ya kwanza tu mwenzao mmoja alikutwa na kitu ambacho mkono usingekigundua, akatibiwa, na leo yumo kwenye kwaya iliyotuimbia. Kwa furaha ile marehemu akaanzisha desturi, waliokutwa salama wakawa wanasomwa majina kanisani na kutoa sadaka ya shukrani, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba ukiwasoma walio salama umeshamtangaza aliyebaki.

Jumapili ya tarehe 6 Juni 2021 jina la jirani yake Theodora halikusomwa, kwa kuwa alikuwa ameitwa kurudia picha na kuchukuliwa kinyama kidogo cha kupimwa, na kabla ya jioni watu walishaanza kumpelekea ndizi na maziwa kama waendao msibani. Kwa majuma matano ya kusubiri hakupata usingizi, akagawa vitenge vyake, akamkabidhi wifi yake ng'ombe, halafu jibu likaja kwamba hapakuwa na ugonjwa wowote. Ng'ombe hakurudi. Theodora akaapa kwamba mashine ile haitamwona tena, na Elinipendo akamwita mwoga mbele za watu.

Tarehe 8 Oktoba 2023 jina la Elinipendo lilisomwa la kwanza, akapeleka sadaka mbele huku kina mama wakipiga vigelegele, na miezi saba baadaye, Mei 2024, akiwa anaoga, vidole vyake vikakuta uvimbe kama punje ya kahawa kwenye titi la kushoto.

Aya yenyewe ndiyo hii. Alinyamaza. Alijiambia kwamba kipimo kilishasema, kwamba karatasi ya hospitali ingali kabatini, kwamba ni uzee tu, na chini ya hayo yote, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa aibu, maana angeanzaje kuirudisha shukrani iliyokwisha kutolewa mbele ya usharika mzima, basi akavaa sweta, akawa anaugusa kila asubuhi na kuukuta umekua, kwa miezi minne, mumewe akiwa chumba kimoja naye asijue. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye alisema heri ajiumbue mwenyewe.

Septemba, alipoona ngozi imeanza kuvutwa ndani, hakumwambia mume wala mwana, alikatisha mgombani akaenda kwa Theodora, mtu ambaye jina lake lilikuwa limewahi kuachwa, akaomba msamaha kwanza, ndipo akafungua kifua, na Theodora akamjibu kwamba habari za uoga wataziongea njiani, avae viatu waende.

Siku hiyo hiyo walifika hospitali, akafanyiwa upasuaji tarehe 17 Oktoba 2024, akaendelea na dawa za dripu, hadi Agosti 2025 ugonjwa ulipoonekana kwenye mapafu, akafariki Alhamisi tarehe 5 Februari 2026, saa tisa alasiri, akiwa na miaka 64, miezi 10 na siku 22. Alimuuliza daktari kama miezi minne ile ndiyo iliyomuua, na daktari hakumficha, alisema hawezi kusema ndiyo wala hapana, ila picha huona mengi na si yote, huweza kumtisha mzima na kumpita mgonjwa, na uvimbe ukishaguswa na mkono haungoji zamu ya picha.

Kina mama thelathini na saba walikuwa wamejiandikisha kwenda Jumamosi ya tarehe 21, na tangu msiba utangazwe ishirini na wawili wamefuta majina, wakisema kama yeye alipima akafa, wao wanafuata nini huko. Marehemu aliliona hilo likija, na hakuacha amri. Theodora, mwenye miaka sabini na mitano na moyo unaosumbua, ameshauriana na daktari akaamua haendi, na marehemu alimuunga mkono, lakini Kindness, mwenye miaka arobaini na mmoja, alimsihi akamwone daktari na kuuliza kila swali, kwa kuwa hali ya mtu aliyeuguliwa na mama yake si ile ya jirani, na sote alituomba majibu yasisomwe kanisani tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza ukweli, majirani, wenzake wa kituo cha maziwa, na Theodora, aliyemwogesha hadi siku ya mwisho.

Dada, kikaoni jana niliyedai kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba aya ile ikatwe ni mimi, kwa sababu niliona aibu. Nimeisoma. Pumzika kwa amani.