Kikohozi cha Jonte

Gunvor alikuwa kwenye tramu ya Göteborg, amepakata santuri ya bendi ya marehemu mwanawe, Jonte. Kando yake alikaa Jerker, aliyekuwa mpiga ngoma wao.

"Mama, nashuka kituo kijacho kuwajibu watu wa kampuni ya santuri kama tunakubali. Wanaitoa upya, ila wataisafisha. Si unajua tulirekodia chumba cha kufulia? Mashine inanguruma mwanzo mwisho."

"Mashine waifute. Na kile kikohozi?"

"Nacho kinaharibu gitaa."

"Gitaa lenyewe kama mnavunja kabati."

Abiria, watu wenye adabu, wakajifanya wanatazama theluji.

"Jerker, Jonte akiimba anajifanya mzee wa Kimarekani mwenye dhiki. Akikohoa tu, ndiye mwanangu."

Tramu ikasimama. Jerker akainuka, akashika nguzo. Mlango ukafunguka, ukajifunga, naye bado ameishika.