Bi Zamda Bushiri na Tundu la Lango la Kwanza

Leo ni Jumanne, tarehe 23 Septemba 2025. Jumanne ijayo, tarehe 30, Bi Zamda Bushiri atastaafu baada ya kuendesha malango ya mafuriko ya kijito chetu kwa miaka thelathini na moja. Wenzake wa kituo cha malango wameiomba klabu yetu ya mazingira iandike wasifu huu kwa ajili ya sherehe, kwa sababu tumehesabu samaki pamoja naye kwa misimu miwili na kwa sababu, walivyosema wao, sisi hatuoni haya kuuliza. Nimeahidi kueleza yote. Bi Zamda ameisoma ahadi hiyo akasema, "Yote, mwanangu, hata lile tundu." Basi hata lile tundu.

Bi Zamda alizaliwa Buguruni na alianza kazi tarehe 1 Oktoba 1994. Malango ni manne, ya chuma, nayo yamesimama pale kijito kinapoingia Mto Msimbazi. Mto ukijaa, yeye huyashusha ili maji yasirudi nyuma yakaingia kwenye nyumba na kwenye maghala ya wafanyabiashara. Mto ukipungua, huyapandisha. Kwa miaka mingi alifanya hivyo kwa kuzungusha gurudumu la chuma kwa mikono, mizunguko mia moja na arobaini kwa kila lango. Makuli wa Kariakoo wanaomfahamu hawakubali kushindana naye kubeba kitu.

Malango yalizeeka kuliko yeye. Kila mwezi aliandika ripoti: kutu hapa, nati imelegea pale, mpira wa kuzuia maji umechanika. Aliandika kila kitu isipokuwa kimoja. Chini ya lango la kwanza kutu ilikuwa imekula tundu la ukubwa wa sahani.

Sababu ilikuwa kambare. Masika yakifika, kambare hutoka mtoni na kupanda kijito kwenda kutaga kwenye matete, na wakati huohuo ndio malango hukaa chini kwa majuma. Bi Zamda aliwaona wakigonga vichwa kwenye chuma. Mwaka 2013 akaona wanapita kwenye tundu, mmoja mmoja kwa foleni. Alijua akiliandika, mafundi wangekuja kulichomea bati siku ileile. Hakuliandika. Alinunua gunia la katani, akalijaza mchanga na kulifunga kamba. Mto ukipanda sana alilishusha likaziba tundu. Ukitulia alilivuta juu, kambare wakapita.

Mchanga uliolowa huozesha gunia, kwa hiyo alihitaji jipya kila baada ya miezi michache. Bwana Ubeid, mwenye duka la magunia Kariakoo, alimwuliza siku moja, "Dada Zamda, magunia yote haya, unalima nini humo mtoni?" Akamjibu, "Nalima kambare." Tangu siku hiyo pale dukani anaitwa Mama Gunia.

Januari 2024 ulifika ukarabati. Mhandisi Melkiori alitandika michoro mezani, malango mapya yasiyovuja hata tone, kisha akauliza kama kuna kasoro ambayo haimo kwenye ripoti. Bi Zamda alikuwa amebakiza chini ya miaka miwili astaafu, na angeweza kunyamaza. Alinyoosha mkono.

"Ipo moja," alisema. "Nimeificha mwenyewe, masika kumi na moja."

Kisha akatoa daftari lenye idadi ya kambare wa kila masika na kuliweka juu ya michoro. Mhandisi alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni akauliza, "Wanapita saa ngapi?"

Bi Zamda alipewa barua ya onyo. Mwenyewe anasema ilikuwa haki, kwa kuwa gunia lingepasuka siku ya mafuriko watu wangelowa kwa siri yake. Lakini masika yalipoanza, Mhandisi Melkiori alisimama asubuhi tatu kwenye tope akitazama tundu, na michoro ikabadilika. Kando ya lango la kwanza pakajengwa njia ya samaki: mfereji wenye ngazi saba za maji, na mlango mdogo unaofungwa mto ukipanda.

Kazi ilikamilika Februari mwaka huu. Mvua kubwa ya kwanza ilipokwisha, mlango mdogo ulifunguliwa, tukajipanga na madaftari yetu. Hakupanda hata kambare mmoja. Mhandisi alipima mwinuko wa ngazi siku mbili, akapiga hesabu zake upya, akakonda. Siku ya tatu Bwana Elisaria, atakayepokea kazi hii, aliona kamba imening'inia ukutani, akaivuta. Likapanda gunia la mchanga, lililokuwa limeziba mdomo wa mfereji.

"Mama Zamda, hili si lako?"

"Ni langu," alisema Bi Zamda. "Mikono yangu haikuambiwa kwamba kazi hiyo imekwisha."

Mhandisi alicheka mpaka akakaa chini. Kufikia jioni walikuwa wamepanda kambare ishirini na sita, na mpaka masika yanakwisha, mia nne na kumi na wawili, pamoja na mikunga wawili, wale samaki warefu kama nyoka, ambao hakuna aliyewatarajia.

Bi Zamda, ahsante kwa mizunguko yote ile, na kwa nyumba zilizobaki kavu. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na ngurumo, na wajukuu wanaopenda mto. Gunia la mwisho tumelifua. Utakabidhiwa siku ya sherehe.

Limebaki jambo moja. Klabu yetu imepewa kazi ya kujaza fomu ya njia ya samaki kila juma, na fomu ina kisanduku cha kasoro. Jana tuliona ubao wa ngazi ya tatu umekatika pembe. Nyuma yake wamejificha vifaranga vya perege. Nilifika thelathini nikapotewa na hesabu. Tukiandika, mafundi watakuja kuubadilisha kabla ya mvua za vuli. Fomu inapelekwa Ijumaa, kabla ya sherehe, kwa hiyo tafadhali tujibu kwa mkono wa huyohuyo atakayekuletea karatasi hii: tuandike ubao peke yake, au ubao pamoja na samaki wake?

Samah Taimur, Kidato cha Tatu,
kwa niaba ya klabu ya mazingira